Vibao vidogo vyeupe: vya dukani, vya fundi, na wanafunzi wangu 64

Nianze na hesabu, maana ndilo somo langu. Pakiti moja ya vibao vidogo vyeupe vya kuandikia, kumi ndani yake, niliinunua shilingi 45,000 kwenye duka moja la vifaa vya ofisi kule Ngamiani, Tanga mjini. Nikachukua pakiti mbili. Muuzaji akaniwekea na maka peni dazeni sita, nikalipa, nikapanda kosta kurudi Muheza mzigo uko mapajani, najiona nimebeba dawa. Juu ya pakiti pana picha ya watoto wanacheka meno yote nje, kila mmoja na kibao chake. Hakuna hata mmoja anayesinzia. Sasa muhula wa kwanza umekwisha, na walimu wenzangu wananiuliza kila tukikutana kwenye usahihishaji: "Vipi, vile vibao vinafanya kazi?" Nimechoka kujibu nusu nusu, kwa hiyo naandika yote hapa.

Kwanza mjue darasa. Ni Kidato cha Pili B, shule ya kata, ya kutwa, wanafunzi 64. Hawana fujo. Laiti wangekuwa na fujo. Tatizo langu ni ukimya. Nikiuliza swali, mikono inayopanda ni saba, na ni ileile saba tangu Januari: wawili wa dawati la mbele kushoto, monita, binti wa mchungaji, na wengine watatu. Hao saba ndio waliokuwa wakinifanya nidhani nafundisha. Nikimaliza mfano ubaoni nauliza, "Understood?" na darasa zima, wote 64, wananijibu kwa sauti moja tamu kama kwaya, "Yes, Madam!" Halafu nakusanya madaftari na kukuta mfano wangu umenakiliwa vizuri, hata tarehe imepigiwa mstari kwa rula, na chini yake zoezi ni jeupe.

Wengine wanawaita wavivu. Na mimi niliwaita hivyo kwa miaka. Lakini hebu fikiria: mtoto amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta kila kitu kwa Kiingereza, hata jina la somo limebadilika. Sasa akinyoosha mkono anaweza kuaibika mara mbili, mara moja kwa hesabu na mara moja kwa lugha. Tena lile cheko la darasa letu mnalijua. Kwa mtoto wa miaka 15, kukaa kimya ndiyo akili.

Kwa hiyo kibao. Wazo lake si geni, wala si la Wazungu peke yao. Bibi yangu alisoma chuoni, yaani madrasa, kwa kibao cha mti na wino, wakimaliza aya wanakiosha, wanaandika nyingine. Wazee wengine waliosoma shule za zamani watakwambia habari za sleti, vile vibao vya jiwe. Kazi ni ileile: kila mtoto ana mahali pake pa kuandika, na akikosea kosa linafutika. Mwalimu anauliza, kila mmoja anaandika, anakigeuzia kifuani, kisha wote wanainua kwa pamoja. Kwa sekunde kumi hivi unaona akili za darasa zima zimesimama mbele yako. Ndiyo nadharia.

Siku ya kwanza niliharibu kwa mdomo wangu. Niliingia na mfuko, nikasema kwa furaha, "Leo kila mtu atapata kibao." Darasa likanywea. Kuna waliojishika mashavu kabisa. Nikacheka mpaka nikakaa, nikafungua mfuko, nao wakacheka, na sijui kama kifaa chochote cha kufundishia kimewahi kupokewa kwa shangwe namna ile.

Shangwe ilidumu siku mbili. Vibao vilikuwa 20 na wanafunzi 64, kwa hiyo kila kimoja kiligawiwa kwa watatu au wanne. Wiki nzima nilitembea kati ya madawati nikidhani mambo yanakwenda, kwa sababu vibao vilipanda juu na majibu mengi yalikuwa sahihi. Ijumaa nikasimama nyuma ya darasa badala ya mbele, na hapo nikaona. Kila kibao kilikuwa na bosi wake. Anayeshika kalamu ni mmoja, siku zote huyohuyo, na wale wawili au watatu wa pembeni wanatazama dirishani kwa amani kuliko zamani, maana sasa wana wakili. Mikono saba ilikuwa imekuwa 20. Wale 44 waliobaki nilikuwa nimewapa maficho mapya, tena ya gharama.

Somo la kwanza kwa mnunuzi, basi: kama huwezi kumpa kila mwanafunzi kibao chake, usinunue. Nasema hivi kwa uchungu wa 90,000.

Pesa ya kuongeza sikuwa nayo. Kuwachangisha wanafunzi sikutaka, maana tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 neno "mchango" shuleni linabebwa kama yai, na ni haki yake. Nikaenda kwa fundi seremala aliyeko nyuma ya stendi. Mnaijua ile hadibodi nyembamba yenye uso mweupe unaong'aa, ambayo mafundi hufungia migongo ya kabati? Maka peni ya ubao inaandika juu yake na inafutika. Nilijaribu hapohapo kwenye kipande cha taka, fundi ananitazama kama nimechanganyikiwa.

"Mwalimu, unataka nikukatie vibao vya chapati?"

Nikamchorea kwenye vumbi la randa. Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Ukikata vibao vya inchi 12 kwa 8, urefu unatoa 8 na upana unatoa 6, jumla 48, bila kutupa hata kipande. Shiti ilikuwa 32,000, kukata 8,000. Gawanya: kila kibao shilingi 833 na senti, dhidi ya 4,500 za dukani. 48 na vile 20, nina 68, darasa limeenea na vinne vya akiba. Wanafunzi wenyewe walipiga msasa kingo kipindi cha michezo. Kasoro moja niliijua kesho yake: sikumwambia fundi azungushe kona. Kona za hadibodi ni kali, na watoto 64 wakiinua vibao kwa mpigo kwenye madawati yaliyobanana, kuna sikio litapata habari yake. Lilipata. Plasta mbili, hakuna kesi.

Hapa niwape kisa kimoja ambacho kwangu kililipa ile 40,000 yote. Niliwapa swali la shiti kama nilivyolifanya kwa fundi: futi 8, kata vipande 8, kila kipande urefu gani? Futi 1, wakainua wote. Kwa sentimita? 30.48, nikawapa mimi. Kisha nikaendelea na mengine. Binti mmoja wa safu ya nne, ambaye sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu Januari zaidi ya "present", akawa anahangaika na rula chini ya dawati. Nikadhani anachora. Akainua kibao bila kuombwa, ameandika 30.1. "Madam, hiki hakijafika. Kimepungua." Nikasema labda amepima vibaya. Jirani yake akapima, 30.1. Wa nyuma wakapima. Kila mtu akapima. Dakika tano darasa langu la wafu lilikuwa soko la samaki, wanabishana zile milimita zimekwenda wapi, mpaka kijana mmoja ambaye baba yake anapasua mbao akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na ujinga wetu: "Si zimeliwa na msumeno." Msumeno una unene. Kila ukikata, unga unaoanguka chini ni sehemu ya shiti. Kipindi kilikwisha tukiwa tunahesabu unga. Sikulipanga, na siwezi kulirudia mwakani hata nikitaka.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila siku ni hivyo. Siku ya kawaida ni hii. Nawapa: fungua mabano, (x + 3)². Hesabu moja, mbili, tatu, onyesha! Zamani ningemwita monita, angesema x² + 6x + 9, ningesema vizuri sana, tungeendelea. Siku hiyo nilitazama bahari ya vibao na juu yake kumeandikwa x² + 9, x² + 9, x² + 9, mpaka ukutani. Nilihesabu, walikuwa 39. Wanafunzi 39 na kosa moja. Nilijisikia vibaya, kwa sababu kosa hilo nimelifundisha "lisifanyike" miaka 11, na miaka yote hiyo lilikuwa limekaa pale kimya likiniitikia "Yes, Madam".

Faida yake ni kwamba mtu akiwa na wenzake 38 kwenye kosa, hachekwi. Hakuna aliyebaki wa kucheka. Nikawaambia wachore mraba kwenye kibao, kila upande waugawe mara mbili, x na 3, vipatikane vyumba vinne, waandike eneo la kila chumba. Vikatokea x², 3x, 3x, na 9. Nikauliza, "Nani kasahau vyumba viwili?" Wakaanza kunyoosheana vidole wakicheka, na kila anayenyoosha naye kibao chake kina x² + 9.

Kuna jambo jingine ambalo kibao kinakulazimisha, na nadhani ndilo kubwa kuliko plastiki yenyewe. Kinakulazimisha kungoja. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla hawajamwita mtu au kujijibu wenyewe. Akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Walipofundishwa kungoja hata sekunde tatu, wanafunzi wengi zaidi walijibu, na majibu yakawa marefu. Nilisomeshwa hilo chuoni, nikalijibia mtihani, nikafaulu, na nilipoingia darasani nikawa nangoja sekunde moja kama wengine. Kwa kibao huwezi. Lazima kalamu 64 zifunguliwe, ziandike, zifungwe. Unasimama tu pale na mikono yako. Dakika ya kwanza nilitapatapa, nikataka kuongea. Sasa natembea polepole mpaka mlangoni na kurudi.

Sasa kuna mwanafunzi mmoja, yule wa dirishani. Simtaji zaidi ya hapo, darasa zima linajua ni yupi na yeye mwenyewe anajua. Wiki mbili za kwanza za vibao vya fundi alikuwa akiinua kibao kitupu. Si kwamba hakiinui. Anakiinua vizuri kabisa, kimenyooka, cheupe kama kanzu ya Idi. Mwalimu wa zamani ndani yangu alitaka kumsimamisha. Badala yake nikaweka sheria kwa wote: kibao kitupu hakikubaliwi, ila alama ya kuuliza inakubaliwa. Usipojua, chora "?" kubwa, nami nitaihesabu kama jibu. Siku hiyohiyo alama za kuuliza zikatoka 22. Wale waliokuwa wakinakili kwa jirani kwa jicho la pembeni nao wakaziandika, maana ni kazi rahisi kuliko kunakili. Yeye akaandika yake, ndogo, kwenye kona ya chini, kama muhuri.

Baada ya hapo nikawa nikiona alama nyingi za kuuliza narudia kwa njia nyingine, nikiona chache nawafuata walipo. Yeye nilimfuata mara nyingi. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nachuchumaa, naandika hatua ya kwanza tu kwenye kibao chake, naondoka. Mwezi wa nne aliinua kibao chenye jibu la jirani yake, na jirani alikuwa amekosea. Nilifurahi kupita kiasi kwa kosa la wizi. Mwezi wa tano akainua "?" na chini yake "6x?" na lilikuwa sahihi. Hakuna muziki uliopigwa. Kesho yake hakuja, ni msimu wa machungwa, alikuwa shambani kwa mjomba wake.

Nije kwenye kalamu, maana hapa ndipo kifaa hiki kinapofia. Vibao havina shida, maka peni ndizo zenye shida. Dazeni sita kwa 7,000 kila dazeni ni 42,000, yaani ghali kuliko shiti ya fundi na kazi yake. Wiki ya tatu kalamu 31 zilikuwa zimekauka. Mtoto anaacha kifuniko wazi, anaringa na kalamu kama msanii, joto la kwetu linamaliza kazi. Na dazeni moja kati ya zile sita zilikuwa za wino usiofutika, ndani ya boksi lililoandikwa za ubao. Duka silitaji, ila siku ile watoto 12 waliandika 4x mara moja tu na 4x ikabaki. Msaada wa bure: usisugue kwa mchanga kama walivyofanya wawili. Pitisha maka peni ya ubao juu ya ule wino mkaidi, ungoje kidogo, ufute. Wino mpya unauyeyusha wa zamani. Usipotoka, spiriti ya duka la dawa.

Tangu hapo kalamu zinalala, hazisimamishwi, ndani ya boksi la viatu. Wagawaji ni wanne, kila safu na wake, na mmoja wa wagawaji ni yule wa dirishani. Kila kalamu ina soksi yake. Ndiyo, soksi. Kila nyumba ina soksi moja iliyopoteza mwenzake. Kalamu inakaa ndani, soksi ndiyo dasta. Darasa langu sasa lina soksi 64 za kila rangi na, siku za Alhamisi, harufu ambayo siwezi kuilaumu kampuni yoyote.

Michoro? Ipo. Nembo za Simba na Yanga kila nikigeuka, mioyo, na siku moja mimi mwenyewe, miwani mikubwa kuliko uso. Nilitoa sheria ya dakika moja: mwanzoni mwa kipindi, dakika moja chora utakacho, kisha futa. Imepunguza sana.

Kelele nazo zipo. Mwalimu wa darasa la jirani, mzee wangu wa kazi ninayemheshimu, alikuja mlangoni akauliza kwa upole, "Madam, humu kuna harusi?" Nikamwomba radhi. Jioni stafurumu akaniambia anavutiwa, ila yeye ana maka peni yake ya siku zote, akanionyesha fimbo. Tukacheka. Sikumbishia, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nami nilichapa, na bila kufuata ile kanuni ya 2002 inayosema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Nani alikuwa anaandika kitabuni? Ninachoweza kusema baada ya muhula huu ni kidogo: fimbo iliwafanya waandike kitu daftarini, lakini haikuwahi kunionyesha wale 39.

Na zawadi? Mwenzangu mwingine alinishauri niwape pipi wanaopata. Nilikataa, nikakumbuka jaribio la mwaka 1973 la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett kule Marekani. Walichukua watoto wadogo wa chekechea waliopenda kuchora, kwa maka peni kama hizi zetu, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Siku zilizofuata, walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko wenzao. Sasa wangu si watoto wa chekechea, wala hesabu hawaipendi tangu mwanzo, kwa hiyo hoja haihami moja kwa moja, najua. Pengine pipi zingesaidia kwa wiki. Ila ukweli wa pili ni kwamba pipi 64 kwa siku siziwezi.

Kwenye mtihani wa Machi, wanafunzi 17 waliacha maswali ya aljebra bila kuandika chochote. Mwisho wa muhula walikuwa 6. Msinielewe vibaya: wengi wa waliojaza wamekosa, na wastani wa darasa haujapanda kiasi cha kumwita afisa elimu. Mwezi wa kumi na moja kuna Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili na pale D, daraja la chini la kufaulu, inaanzia alama 30, si alama ya juhudi. Lakini karatasi yenye kosa naweza kuisahihisha. Ile nyeupe nilikuwa naiandikia sifuri tu na kuipindua. Kuna wanne ambao vibao havijawagusa kabisa. Wawili kati yao hawaji shule siku tatu kwa wiki, na hilo halina maka peni. Wawili wengine wanakuja, wanaandika "?" kila siku bila kukosa, kwa mwandiko mzuri. Bado sijui niwafanyeje.

Kwa anayetaka kununua, hukumu yangu ni hii. Vibao vya dukani nawapa nyota mbili kati ya tano: ni vyepesi, kona zimezungushwa, upande wa nyuma una miraba ambayo kwa grafu ni raha tupu, lakini wiki ya sita uso ulianza kubaki na vivuli vya majibu ya jana na kingo zikaanza kubanduka, na bei inakulazimisha kununua vichache, ambalo ndilo kosa lenyewe. Sasa natumia vile 20 kwa grafu tu, kwa vikundi. Vya fundi nyota nne. Ya tano ni ya kona. Usimwachie fundi akupe hadibodi ya uso uliofifia, jaribu kwanza kuandika na kufuta kwenye kipande, na uandike tena mahali palepale. Nilijaribu pia manila iliyopitishwa leminesheni kwa darasa la A. Inafutika vizuri, ila ikikunjwa mara moja imekwisha, na Kidato cha Pili hukunja. Ile mifuko ya plastiki angavu ya kuwekea karatasi kwenye faili, ukitia ndani karatasi nyeupe ngumu, ni nafuu kuliko vyote na inaweza kukuanzisha kesho asubuhi. Nyota tatu. Inateleza, na mwandiko unakuwa wa kulewa.

Anayebanwa zaidi apake hadibodi rangi nyeusi ya ubao, atumie chaki. Vumbi utalipata, lakini chaki haikauki ukiisahau wazi, na muhula ujao nafikiria kuhamia huko kwa nusu ya darasa, nione kama nitakiweka kile kifungu cha maka peni mfukoni mwangu.

Shiti ya pili nimeshaagiza, kwa ajili ya darasa la A. Fundi amepandisha kukata kutoka 8,000 mpaka 10,000, anasema walimu wawili wa shule nyingine wamekwenda kwake na mchoro wangu. Nimelipa. Nimemwambia safari hii azungushe kona.